Jinsi ya kuchagua nyimbo rahisi za Aimyon za kuimba karaoke, kwa sisi tunaoongea Kiswahili

Mwaka wa nne huu nakaa Kobe na karibu kila Ijumaa nikitoka kazini napitia karaoke, mara na wenzangu mara peke yangu, kwa hiyo ndugu zetu wanaokuja Japani kusoma au kufanya kazi huwa wananiuliza swali moja hilo hilo, eti nianze na wimbo gani. Jibu langu siku zote ni Aimyon, mwimbaji wa Kijapani. Nampenda sana huyu dada, kazaliwa 1995 hapo jirani Nishinomiya, nyimbo zake anaziandika mwenyewe, na 2022 alirudi kwao akaimba uwanja wa Koshien, ule mkubwa wa besiboli, yeye na gita lake tu bila bendi. Ila simtaji kwa mapenzi peke yake. Nyimbo zake nyingi zimekaa chini, karibu na sauti ya mtu anayeongea, ndo maana wanawake wenye sauti nzito kama mimi tunamuweza na hata wanaume wanamuweza.

Lakini sio zote ni rahisi jamani, na hapo ndo wengi wanapotea, wanadhani wimbo rahisi ni ule wa polepole au ule maarufu. Mwaka wangu wa kwanza, kwenye sherehe ya kufunga mwaka kazini, nilichagua "Ai wo Tsutaetai datoka" kwa sababu sauti yake iko chini na nilikuwa naupenda kweli. Nikaanza vizuri, mstari wa tatu maneno yakanikimbia, macho kwenye skrini mdomo uko nyuma, na wimbo bado mbichi kabisa. Tangu siku hiyo sichagui kwa kupenda tu, nachagua hivi.

Hatua ya 1: jua sauti yako inaishia wapi. Pakua programu yoyote ya kinanda kwenye simu, imba "aaa" ukipanda kitufe kimoja kimoja mpaka usikie koo linaanza kubana, hapo rudi nyuma noti mbili, hilo ndo dari lako. Usifanye asubuhi ukiwa umetoka kuamka maana sauti ya asubuhi iko chini, itakudanganya.

Hatua ya 2: anza na kiitikio, sio mwanzo wa wimbo. Wajapani wanakiita sabi, na mara nyingi noti ya juu kuliko zote imekaa hapo. Mtu anasikiliza ubeti anaona mbona laini tu, anaenda kuimba, akifika sabi shingo imetoka mishipa. Wewe ruka moja kwa moja kwenye sabi, imba nayo mara tatu mfululizo bila kupumzika, kwa sababu ndani ya wimbo mzima utaipita kama mara tatu hivi na ile ya mwisho inakukuta umeshachoka. Ukiona mabega yanapanda au kidevu kinanyanyuka basi kwa kii hiyo (yaani jinsi wimbo ulivyopangwa juu au chini) wimbo umekuzidi, usiutupe, uweke pembeni mpaka hatua ya 4.

Hatua ya 3 ndo napenda kuikalia maana hapa sisi tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Angalia mdomo wako una nafasi kiasi gani. Kijapani kina irabu tano kama zetu, a i u e o, na silabi nyingi ni konsonanti na irabu, basi. Chukua jina la wimbo "Hadaka no Kokoro", yaani moyo ulio uchi, lisome kama Kiswahili: ha-da-ka-no-ko-ko-ro. Umeshalisema vizuri. Hata maneno ya kigeni wanayafanyia kama sisi, kadi kwao ni kādo, ua la marigold linakuwa ma-ri-i-go-o-ru-do, ila hizo i na o ndefu kila moja inakula mapigo mawili, ukizikata unawahi biti peke yako.

Sasa sehemu zinazotukamata. Ya kwanza ni n. Kuna wimbo wake wa 2018 unaitwa "Konya Konomama", na kila Mswahili anaimba ko-nya kama nya ya nyama. Hapana. Ni ko, n, ya, mapigo matatu, ile n inasimama peke yake kama n ya "nchi" au "nne". Jaribu polepole ukipiga vidole mezani, ko-n-ya, utasikia tofauti papo hapo na wimbo utakaa kwenye mdundo. Ya pili ni kile kimya kidogo, kama kwenye "Kimi wa Rock wo Kikanai", hilo Rock linaimbwa ro, unakata pumzi kidogo, halafu ku. Na "tsu" usiifanye "tu" wala "su", ni t na s zinatoka pamoja. Basi, zilizobaki mdomo wako unazijua tayari. Kwa hiyo ukisikiliza wimbo jiulize, hizi silabi naweza kuzisema kwa mwendo huu bila wimbo? Kama kuzisema tu unashindwa, kuziimba ndo kabisa.

Hiragana jifunze, ni herufi 46 za msingi, maana kwenye skrini kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zinakuja na hiragana ndogo juu yake. Ukizijua husomi kwa kubahatisha.

Hatua ya 4: kii. Kwenye rimoti kuna sehemu ya kushusha na kupandisha, kila ukibonyeza mara moja inasogea nusu toni. Mwanamke akizidiwa kwenye sabi anashusha 2 anasikiliza, bado, 3. Wanaume nawaambia waanze na kushusha 4, ikigoma waimbe okteva ya chini (noti zile zile ila kwa sauti nzito zaidi) halafu wapandishe 3, kwa sababu sauti ya Aimyon ikishuka okteva nzima inazama mno, ubeti unakuwa kunong'ona. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa mwenye besi nzito ndo anavyoimba "Marigold" na inampendeza mno. Kushusha kii sio aibu hata kidogo, Wajapani wenyewe wanashusha kila siku.

Hatua ya 5: nenda peke yako kwanza. Hapa inaitwa hitokara, ni kitu cha kawaida, na mchana wa siku za kazi bei iko chini kuliko usiku wa wikendi, sehemu nyingi unaagiza kinywaji kimoja tu. Punguza mwangwi wa maiki uisikie sauti yako ilivyo, washa melodi ya kukuongoza, imba wimbo mmoja huo huo mara nne. (Huyu Inoue Daisuke aliyetengeneza mashine yake ya karaoke 1971 na kuanza kuikodisha kwenye mabaa aliifanyia hapa hapa Kobe, mimi nikiwa ndani ya kile chumba kidogo huwa namshukuru kweli.)

Mpangilio wangu mimi ni huu. Anza na "Hadaka no Kokoro" ya 2020, mwendo wa taratibu, unapata muda wa kusoma, ila jifunze kuvuta pumzi kabla ya mistari mirefu. Halafu "Marigold" ya 2018, huo ndo ulimpeleka Kohaku, ile shoo ya muziki ya NHK, televisheni ya umma ya Japani, ya tarehe 31 Desemba, kwa hiyo chumba kizima kinaujua na ukikwama kuna mtu atakubeba. Kisha "Harunohi" ya 2019. "Kimi wa Rock wo Kikanai" uache mpaka sabi yako iwe na nguvu, pale lazima uitoe sauti kifuani. "Ikiteitanda yo na" ya 2016 ni wimbo mzito sana, unaanza kwa kuongea haraka na unahusu msichana aliyejiua, usiupeleke kwenye sherehe ya mtu, usikilize nyumbani ukiwa umetulia.

Ukifika chumbani weka "Marigold" wa pili au wa tatu kwenye foleni, sio wa kwanza, koo liwe limeshapata joto.