Jinsi ya Kupima Dai Kwamba Mhadhiri Anaegemea Chama

Mada hii ikiletwa kwenye mdahalo, iwe Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani au chumba cha semina cha chuo kidogo mjini, haichukui muda kugeuka kuwa orodha ya majina: huyu CCM, yule Chadema. Kadi ya chama haikuambii mtu anafundishaje. Mwesiga Baregu alifundisha sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) akijulikana kuwa mwanachama wa Chadema. Bashiru Ally naye alitoka kufundisha hapohapo akawa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2018. Hilo peke yake halithibitishi kwamba kuna mwanafunzi aliyenyimwa alama. Vinavyopimika ni viwili: anachopanga kifundishwe, na anavyosahihisha.

Kwanza, acheni kuazima kipimo cha Marekani. Kule mjadala ni wa kushoto (wapenda mageuzi) na kulia (wahafidhina): katika utafiti wa Neil Gross na Solon Simmons wa mwaka 2006, asilimia 44 ya wahadhiri walihesabiwa wa kushoto, 46 wa katikati na 9 wa kulia. Hapa Dar mizani hiyo haisomi vizuri. Jarida la wanafunzi la Cheche lilikuwa la kijamaa kindakindaki, serikali nayo ilikuwa ya ujamaa, na bado lilipigwa marufuku mwaka 1970. Swali lenye uzito kwetu ni ukaribu na umbali na wenye madaraka.

Andikeni dai kwa sentensi moja inayoweza kukanushwa. "Mhadhiri huyu ana upendeleo" halipimiki. "Katika kozi hii, maswali yanayotaka mwanafunzi aunge mkono sera fulani ni mengi kuliko yanayomruhusu kuipinga" linapimika.

Kisha kusanyeni miongozo ya kozi na mitihani ya nyuma, angalau ya miaka mitatu. Chukueni karatasi ya safu nne: andiko au swali, msimamo wake, sababu ya kuwekwa, na kama ni la lazima. Safu ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Andiko linalosifu ubinafsishaji linaweza kuwa limewekwa ili lichambuliwe na kupingwa, na ukilihesabu kama ushahidi wa mapenzi ya mhadhiri umeharibu kazi yote. Safu ya nne nayo ni muhimu: swali la lazima lina nguvu kuliko kitabu cha mwisho kwenye orodha, ambacho hakuna anayekigusa.

Kwenye mitihani tazameni lile neno la kuamuru. "Jadili" linaacha mlango wazi. "Eleza jinsi ubinafsishaji ulivyowanufaisha wananchi" limeshaamua jibu kabla mwanafunzi hajashika kalamu. Maswali ya aina hii yahesabiwe peke yake.

Watu wawili wajaze karatasi hizo kila mmoja kivyake, bila kuchunguliana. Wakipatana chini ya mara 8 kati ya 10, tatizo ni maelezo yenu ya "msimamo". Yaandikeni upya, mrudie.

Usahihishaji ni mgumu zaidi. UDSM kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani 60. Anzeni na zile 40, kwa sababu kwenye semina mhadhiri ameshamsikia kila mtu akitoa maoni yake. Kwa ruhusa ya idara, tungeni majibu mawili ya swali moja, moja likiunga mkono na lingine likipinga, yenye maneno 400 kila moja, yamechapwa, hayana jina. Wapeni wasahihishaji kadhaa, nusu waanze na la kwanza na nusu na la pili. Hapa Kiingereza ndicho kinachovuruga matokeo. Jibu lenye sarufi dhaifu litapata alama ndogo hata likimpendeza msahihishaji, na wanafunzi wengi wanaolalamika kuhusu siasa huenda wameangushwa na lugha. Kabla ya jaribio, mpeni mwalimu wa lugha asiyehusika alinganishe majibu yote mawili.

Mkiwahoji wanafunzi, ulizeni tukio. "Je, kuna swali ulilojibu kinyume na unavyoamini kwa kuhofia alama? Lipi?" ni bora kuliko "Unamwonaje?" Wahojini kabla matokeo hayajabandikwa, maana aliyefeli hukumbuka vingine.

Msirekodi darasa kwa siri, wala msitunze orodha ya nani ni chama gani. Msimamo wa kisiasa wa mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na orodha ya namna hiyo ikivuja inaweza kumgharimu mtu kazi.

Linabaki jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote, nalo ni mada ambazo hazifundishwi kabisa kwa woga. Hizi hazionekani kwenye mwongozo wowote. Waulizeni wahadhiri wenyewe: katika miaka mitatu iliyopita, umeondoa mada au andiko kwa kuhofia matokeo yake nje ya darasa? Idara yenye watu wanane hujuana kwa mwandiko, kwa hiyo wekeni visanduku vya kutia alama ya vyema tu, karatasi zikunjwe sawa, na zikusanywe na mtu wa idara nyingine.