Presha kwa madaktari wa zahanati na OPD (wagonjwa wa nje): pima vizuri kwanza, kalamu baadae

Wakuu habari za kazi, leo nataka tuongelee presha maana ndo ugonjwa tunaoandikia vidonge kila siku na ndo huo huo tunaoukosea sana, na kosa kubwa linaanzia kwenye kupima kabla hata hujafikiria dawa gani.

Angalia jinsi inavyokuwa. Mama katembea kutoka stendi na jua lile, kakaa foleni hajui lini ataitwa, mkojo umembana, anaingia tu hata hajatulia tunamfunga kafu (ule mkanda wa mashine unaojaa upepo) juu ya nguo huku tunamuuliza anasumbuliwa na nini, mashine inasoma 158/96, basi kashakuwa mgonjwa wa presha wa maisha. Hiyo namba haina maana yoyote jamani. Mwache akojoe kwanza, akae dakika 5 mgongo umeegemea kiti, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono uwe wazi umelazwa mezani usawa wa moyo, na asiongee na wewe usimuongeleshe. Kama kavuta sigara au kanywa kahawa nusu saa haijapita, msubirie. Pima, subiri dakika 1 au 2, pima tena, chukua wastani. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha tumia ule unaosoma juu zaidi siku zote.

Halafu kafu. Vituo vingi vina moja tu ya saizi ya kati, ukimfunga nayo mtu mwenye mkono mnene presha inasoma juu kuliko ilivyo, kwa hiyo sumbueni uongozi inunuliwe kubwa, bei yake ni ndogo ukilinganisha na mtu kumezeshwa dawa miaka 10 bila sababu. Na kabla ya mashine ya betri shika mapigo mkononi, ukikuta yanaruka ruka bila mpangilio usiiamini, chukua ya mkono na stethoskopu.

Ikifika 140/90 au zaidi mrudishe siku nyingine upime tena ndo uthibitishe. Tofauti ni yule aliyefika 180 ya juu au 110 ya chini na ukiangalia tayari moyo, figo au macho yameguswa, huyo usimwambie arudi wiki ijayo, anza.

Sasa kuna hii tabia ya kumuona mtu ana 190/115, hana dalili yoyote, anacheka na nesi, halafu anawekewa nifedipini chini ya ulimi ishuke fasta. Naomba tuiache kabisa! Presha ikiporomoka ghafla ubongo na moyo vinakosa damu, mtu aliyekuja anatembea anaweza kupata kiharusi mbele yako. Huyo anahitaji kupumzika, kupimwa tena, kuanzishiwa vidonge vya kawaida na kurudi baada ya siku chache. Dharura ni pale presha iko juu na mtu anaumwa kifua, anahema kwa shida, upande mmoja umelegea, kachanganyikiwa au ana degedege. Na mjamzito mwenye 160/110 ni dharura hata kama anasema yuko poa, mwanzishie matibabu hapo hapo na rufaa iende.

Kwa dawa, amlodipini 5 mg mara moja kwa siku ni pa kuanzia pazuri kwa watu wengi, au ya kukojoza ya jamii ya thiazaidi, au losatani. Wengi watahitaji mbili, usiogope kuchanganya mapema. Ila losatani na enalaprili usizichanganye pamoja, na kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa muulize kwanza habari za mimba maana zote mbili zinaumiza mtoto tumboni. Akirudi kavimba vifundo vya miguu baada ya amlodipini usikimbilie lasiksi (dawa ya kukojoza maji), hayo siyo maji ya moyo au figo (ukishahakikisha hivyo viwili viko sawa), punguza dozi au ongeza losatani. Kikohozi kikavu kisichoisha kwa aliye kwenye enalaprili, badilisha dawa, antibayotiki hazitasaidia.

Kama haishuki usipandishe dozi kabla hujauliza. Muulize kwa upole, "mama shikamoo, wiki hii iliyopita kuna siku ngapi umeruka dawa?", ukimuuliza tu kama anameza atakujibu ndio daktari. Wengi watakwambia "mwanangu nilimaliza dozi nikajisikia vizuri nikaacha", maana kwa malaria na UTI ndo tulivyowafundisha, dozi inaisha. Hapo ndo pa kukaa nae, mwambie hii haina kumaliza, vikiisha anakuja kuchukua vingine, na kujisikia vizuri ni kazi ya hivyo vidonge. Ulizia pia diklofenaki anazonunua duka la dawa kwa ajili ya magoti, inapandisha presha na inaumiza figo.

Na yule anayesema ana presha ya kushuka kwa sababu anasikia kizunguzungu, akaambiwa mtaani alambe chumvi, mpime amelala halafu amesimama dakika 1 hadi 3. Ya juu ikishuka 20 au zaidi kweli inashuka, angalia dawa zake na maji anayokunywa. Mara nyingi utakuta iko 170 na chumvi amelamba mwezi mzima. Chumvi kijiko kimoja cha chai kwa siku ndo mwisho, na hapo hesabu ya kwenye ng'onda na vile viungo vya mchuzi vya mchemraba imo.

Mwanzoni arudi kila mwezi mpaka ishuke chini ya 140/90, ikishatulia arudi kila baada ya miezi 3 hadi 6. Namba ya leo na tarehe ya kurudi ziandike kwenye kadi yake kwa mwandiko unaosomeka, maana atakayemuona siku hiyo huenda siyo wewe.