Jinsi ya kuomba basari ya karo ya sekondari Kenya

Mtoto ameitwa shule, barua ya kujiunga iko mkononi, lakini karo haipo. Kwenye shule za bweni za ngazi ya juu, karo iliyopangwa na serikali imekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, na hapo hujanunua sare wala godoro. Ni kweli serikali imekuwa ikitenga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari, lakini hizo ni za masomo. Chakula na malazi ni juu ya mzazi.

Basari, yaani msaada wa karo, zilizo karibu na nyumbani ni mbili: ya eneo bunge, inayotolewa na NG-CDF (hazina ya serikali ya kitaifa ya maendeleo ya maeneo bunge), na ya kaunti, inayopitia wodi. Fomu zake ni tofauti na kamati zake ni tofauti, kwa hiyo omba zote mbili isipokuwa fomu yenyewe ikikataza. Na uelewe jambo hili tangu mwanzo: watoto wengi wenye shida ya kweli hukosa basari kwa sababu shida yao haikuonekana kwenye karatasi. Kamati ina rundo la fomu mezani. Haiwezi kufika kwako kuona paa linavyovuja.

Kwa hiyo anza na vyeti, hata kabla fomu hazijatangazwa. Tafuta nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala ya kitambulisho cha mzazi au mlezi, ripoti ya muhula uliopita (anayeingia Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, atatumia barua ya kujiunga), na orodha ya karo yenye mhuri wa shule. Kama mtoto ana deni la muhula uliopita, iombe shule ikuandikie kiasi kilichobaki, kwa sababu deni lililoandikwa na shule lina uzito kuliko deni unalolitaja mwenyewe.

Kwa yatima kuna cheti cha kifo, na hapa ndipo nyanya wanaolea wajukuu wanapokwama. Mzazi alifia nyumbani, akazikwa, na hakuna aliyefuatilia karatasi. Kifo cha nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, naye hutoa kibali cha mazishi. Kibali hicho ndicho kinachokupeleka kwenye ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Miezi 6 ikipita bila kusajili, utaratibu wa usajili wa kuchelewa ni mrefu zaidi, lakini njia haijafungwa. Tafadhali usiiache fomu eti kwa kuwa cheti hakijatoka. Ambatisha kibali cha mazishi pamoja na barua ya chifu inayosema kwamba cheti kinafuatiliwa. Mama anayelea peke yake naye aombe barua ya chifu inayoeleza hali yake. Penye ulemavu, weka nakala ya kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Penye ugonjwa wa muda mrefu, barua ya hospitali.

Fomu yenyewe hupatikana ofisi ya NG-CDF, kwa msimamizi wa wodi au kwa chifu, na maeneo mengine huiweka kwenye mtandao. Tangazo hutolewa barazani, kanisani, msikitini na kwenye redio za mashinani. Fomu haiuzwi. Anayekudai pesa ili akupe, au ili akutilie sahihi, anavunja sheria.

Kuijaza kunataka utulivu. Jina la mtoto liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na nambari yake ya usajili shuleni isikosewe. Jina la shule liwe kamili, pamoja na kaunti iliyomo, maana shule zinazoitwa St. Mary's au St. Joseph's ni nyingi, na hundi hutolewa kwa jina la shule. Hundi ikienda kwingine, kuirudisha huchukua muda ambao mtoto anaweza kuwa ameketi nyumbani.

Sehemu ya hali ya familia ndiyo kiini cha ombi. Wengi huandika "sisi ni maskini" basi, na kamati imeshasoma maneno hayo kwenye fomu nyingine zote. Eleza kazi, mapato na mzigo: "Nachuma chai kwa kibarua, siku nyingine kazi hakuna. Nina watoto wanne shuleni, wawili wao ni wa marehemu dada yangu. Muhula uliopita huyu alirudishwa nyumbani kwa deni la karo." Andika ukweli mtupu. Chifu na mzee wa kijiji wanakujua, na uongo mmoja unaweza kuangusha ombi zima. Kama kuandika ni shida, mwombe mwalimu akusaidie, kisha akusomee yote kabla hujatia sahihi au kidole.

Sahihi zinazohitajika kwa kawaida ni za mwalimu mkuu, chifu au naibu wake, na kiongozi wa dini. Anza na shule kama iko mbali. Kwa chifu, fika na mzee wa kijiji anayelijua boma lako.

Ukirudisha fomu, hakikisha jina limeingizwa kwenye daftari la kupokea, na ubaki na nakala au picha ya kila ukurasa. Orodha ya waliopata ikibandikwa, nenda ukaisome mwenyewe. Pesa hazipiti mkononi mwa mzazi. Zikishafika shuleni, mwombe mhasibu risiti yenye jina la mtoto. Mara nyingi kiasi hakitoshi karo yote, kwa hiyo kamwone mwalimu mkuu mapema mpatane jinsi ya kulipa salio kidogo kidogo. Mwaka ujao utaomba upya.

Usiishie hapo. Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo ndiyo ya kuulizia basari ya rais kwa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu. Kwa mtoto aliyefanya vizuri sana mtihani na hana uwezo, kuna Wings to Fly ya Equity Group Foundation, iliyoanza mwaka 2010. Hiyo hulipa karo, sare, nauli na pesa za matumizi, na kabla ya kuchagua, wahusika humhoji mtoto na kuitembelea familia.

Na wewe uliye Doha, Muscat au Nairobi unayetaka kumsomesha mtoto wa kijijini kwenu, lipa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule ukitumia nambari ya usajili ya mtoto, kisha umpigie mhasibu kuthibitisha. Uliza pia kuhusu viatu, sodo na nauli ya kurudi nyumbani, kwa sababu basari ya eneo bunge na ya kaunti hazilipii hayo.

Ombi likikataliwa, rudi ofisini na nakala yako uulize sababu. Kama ni karatasi iliyokosekana, uliza kama bado inapokelewa. Ukiwa umedaiwa hongo, peleka habari kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi ukiwa na tarehe, mahali na kiasi ulichodaiwa.