Baraza likijigeuza kamati: namna ya kupata uamuzi uliofanyika mlango ukiwa umefungwa

Wana Kuchele, yaani sisi wa Mtwara, shikamooni wakubwa, wadogo, hamjambo.

Mwezi huu nimeulizwa jambo moja na watu watatu: walikwenda kusikiliza Baraza la Madiwani, na katikati ya kikao wakaambiwa watoke nje kwa sababu baraza linajigeuza kamati, yaani madiwani wabaki kujadili bila wageni. Je, ni halali? Mimi nilikaa miaka kadhaa nikichapa mihtasari ya vikao katika halmashauri moja ya huku kusini, kwa hiyo naandika ninachokijua kutoka ndani ya ukumbi. Kwa ufupi: wanaweza kukutoa usisikilize mjadala, lakini uamuzi hawawezi kuukalia daima. Dai uamuzi.

Hatua ya 1: Jua ni kikao gani

Watu husema "kikao cha manispaa" kana kwamba kipo kimoja.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Hapo hakuna wa kukutoa, maana wewe si mgeni, ni mjumbe. Unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Mwenyekiti akikwambia "hesabu tumeshazipitisha kwenye halmashauri ya kijiji", anakuchenga. Sisi wa mjini tuna mkutano wa mtaa, nao ni wa wakazi vilevile.

Baraza la Madiwani hukaa kila robo mwaka. Kwa kuwa mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, robo ya kwanza huisha Septemba, na baraza lake hufuata baada ya hapo. Mara nyingi siku ya kwanza husomwa taarifa za kata, ya pili taarifa za kamati. Kikao hiki ni cha wazi. Mwananchi anakaa na kusikiliza, ila hachangii.

Kamati za kudumu, kama ile ya Fedha na Uongozi inayokaa kila mwezi, ni za madiwani na wataalamu. Huko hatualikwi. Na nisiwafiche, huko ndiko mambo yanakopikwa. Barazani yanakuja kupakuliwa. Kwa hiyo usilalamike umefungiwa mlango wa kamati. Subiri taarifa ya kamati ifike barazani, hiyo ndiyo haki yako.

Hatua ya 2: Pata tarehe na ajenda

Ubao wa matangazo wa kata, ubao wa manispaa, au diwani wako. Ukiuliza tarehe, uliza na ajenda palepale.

Hatua ya 3: Fika mapema

Simu kimya, daftari mkononi. Andika saa kikao kilipofunguliwa na kama akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kufanya kikao, ilitangazwa.

Hatua ya 4: Mlango ukifungwa

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanatoka na hasira halafu wanakwenda nyumbani.

Inavyokuwa ni hivi. Diwani mmoja anasimama, anatoa hoja kwamba baraza lijigeuze kamati. Wanaunga mkono, Meya anawaomba wageni na waandishi watupishe. Sababu za kweli zipo. Mara nyingi ni nidhamu ya watumishi: mtu ametuhumiwa, hajathibitishwa, si vizuri jina lake lizagae soko la Chuno kabla hajajitetea. Nyingine ni shauri lililoko mahakamani, au mashauriano ambayo yakivuja manispaa itapata hasara. Hizo mimi nazikubali.

Nisizozikubali ni zile za aibu. Ubadhirifu wa ushuru, mradi uliokwama, madiwani kutupiana maneno. Aibu ya kiongozi si siri ya serikali.

Sasa fanya hivi. Kabla hujasimama, andika maneno ya hoja yenyewe: nani kaitoa, kwa ajenda ipi, sababu gani imetajwa, saa ngapi. Kama sababu haikutajwa, andika "sababu haikutajwa". Kisha toka kwa adabu, lakini usiondoke. Kaa chini ya mwembe, nunua karanga, subiri. Kamati ikimaliza, baraza linarudi kuwa baraza, na mara nyingi azimio husomwa wakati huo, ukumbi ukiwa mtupu kwa sababu watu wameshapanda bodaboda zao.

Korosho ya kangomba, ile ya magendo, inanunuliwa vichochoroni kabla ya mnada, na mnadani hukuti kitu. Maamuzi nayo yana kangomba yake. Ukiona azimio zito limesomwa kwa dakika mbili na hakuna diwani aliyeuliza swali, ujue biashara ilishafanyika. Andika hilo pia.

Hatua ya 5: Andika barua

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Barua iende kwa Mkurugenzi, maana yeye ndiye katibu wa baraza. Usiandike "naomba taarifa zote za kikao". Hiyo barua italala. Andika kama hivi:

*"Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa mtaa (taja). Chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya azimio lililofikiwa na Baraza la Madiwani katika kikao cha tarehe (taja), ajenda namba (taja), baada ya baraza kujigeuza kamati. Kama sehemu ya muhtasari haiwezi kutolewa, naomba nipewe sehemu iliyobaki pamoja na sababu kwa maandishi."*

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Wakati wangu, barua zilizotusumbua ni zile zilizotaja ajenda kwa namba. Zenye matusi tulizipeleka masjala, chumba cha majalada, na huko zilipumzika.

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo.

Hatua ya 6: Wakikaa kimya au wakikataa

Omba mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha rufaa kwa waziri. Huku ukisubiri, usisahau mlango wa nyuma ulio wazi: ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya serikali za mitaa, ambayo huwekwa hadharani kila mwaka ikishawasilishwa bungeni. Mengi yanayofungiwa mlango huku yanasomeka kule.

MASWALI YENU

Dada wa Mikindani: Tumeambiwa vizimba vya soko viligawiwa kwenye kikao cha ndani na majina ni siri. Tufanyeje?

Dada yangu, usianze na majina, watakujibu kwa hoja ya faragha. Omba idadi ya vizimba, namba zake, kodi ya kila kimoja, na tangazo lililowaalika watu kuomba. Kama tangazo halikuwahi kuwepo, jibu umelipata. Pia uliza kama kuna diwani aliyetangaza maslahi. Mwenye maslahi kwenye jambo anatakiwa kuyataja na kujiweka kando, na muhtasari lazima uonyeshe.

Kijana wa Nachingwea: Mikopo ya asilimia 10 nayo ni ya ndani?

Hapana, bwana mdogo. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kujadili maombi ya kikundi kimoja kimoja wanaweza kujifungia. Kiasi kilichotengwa na kilichotolewa ni hesabu za umma.

Na zabuni je? (wa Masasi hakutaka kutajwa)

Zabuni hazigawiwi na madiwani, zina bodi yake. Wakati wa tathmini ni siri kwa haki kabisa. Mshindi akishapatikana, tazama kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni.

Mzee wa Tandahimba: Mwanangu, mkono wangu na kalamu havipatani.

Shikamoo mzee. Sheria imekukumbuka. Asiyeweza kuandika anaomba kwa mdomo, na ofisa anamwandikia. Mwambie akusomee alichoandika kabla hujaweka dole gumba.

Mwenzetu aliyeko Mombasa: Kwetu Katiba ya 2010, ibara ya 196, inasema bunge la kaunti lifanye kazi zake wazi, na umma usizuiwe ila spika akiona kuna sababu ya kipekee. Huko kwenu?

Yenu imo kwenye katiba, mna bahati. Sisi ibara ya 18 inatupa haki ya kupewa taarifa, lakini utaratibu wa mlango wenyewe tunautafuta kwenye sheria na kanuni za kudumu za kila halmashauri. Ndiyo maana kwenye barua kuna faida kuomba na nakala ya kanuni hizo.

Kijana wa Ufukoni: Nikirekodi kwa simu dirishani wakiwa wamejifungia?

Usithubutu. Na hata diwani rafiki yako akikunong'oneza yote, usiyarushe. Taarifa uliyopewa rasmi ukiipotosha ni kosa kisheria, sembuse ya dirishani. Subiri barua yako igongwe muhuri, hesabu siku 30, na siku ya 31 saa mbili asubuhi uwe masjala.