Kumkaribisha mpangaji mpya kwenye ploti: maji, chai na maneno machache

Kila mwisho wa mwezi, pikapu na mikokoteni hushusha magodoro kwenye ploti, yaani majengo ya kupanga, katika mitaa ya Nairobi kama Umoja, Pipeline na Kasarani, na mara nyingi mpangaji mpya hupandisha mzigo wake huku majirani wakichungulia tu. Paulo aliwaagiza waumini wa Roma wajitahidi kuwakaribisha wageni (Warumi 12:13). Siku ya kuhama ndiyo siku nzuri ya kulitii agizo hilo.

Tangulia na maji. Mitungi ya mgeni bado iko chini ya mzigo, na kwa mgao wa Nairobi huenda mfereji ni mkavu. Mpelekee mtungi mmoja wa lita 20 uliojaa. Mweleze maji hutoka siku gani, takataka huwekwa wapi, na umpe nambari ya keateka, yaani msimamizi wa ploti. Hayo yatamfaa kuliko zawadi ya kununua.

Chai ifuate jioni. Kwa watu wanne, chemsha vikombe viwili vya maji na kipande cha tangawizi kilichopondwa, kwa dakika tano hivi. Ndipo uongeze vikombe viwili vya maziwa na vijiko viwili vidogo vya majani, uache ifure. Tangawizi mbichi ikitiwa pamoja na maziwa baridi, maziwa hukatika, kwani ina kimeng'enya kinachoyagandisha. Kuichemsha kwanza hukiua. Sukari ibebe kando, maana hujui nani ana kisukari. Kama ni Ramadhani na jirani ni Mwislamu, ngoja magharibi.

Kosa kubwa hutokea kwenye vyombo. Kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu, kwa hiyo ukimwachia bakuli lako zuri la chapati, umemwachia deni. Asipokuwa na kitu cha kuweka ndani, atakukwepa kwenye ngazi. Funga chapati kwa karatasi, na vikombe uondoke navyo mwenyewe.

Usimuulize anaabudu wapi, wala usimwalike kanisani siku hiyo. Chai ikigeuzwa chambo, mgeni huisikia ladha yake mara moja. Jitambulishe, uliza jina lake, kaa dakika kumi, uondoke. Ikiwa unaishi peke yako na mgeni humjui, mhudumie mlangoni; hujapunguza ukarimu wowote.

Askari wa geti naye ni jirani wako. Mpelekee kikombe kabla ya saa nne usiku, siku ileile kila wiki, ili ajue kitakuja. Kikija mara moja kwa Krismasi na kisirudi, hakimsaidii kukesha.

Wafiwa huhitaji uangalifu zaidi. Wakati wa matanga nyumba hujaa watu na chakula. Wiki ya pili baada ya mazishi, wakisharudi kutoka ushago, yaani kijijini kwao, hakuna anayebisha hodi. Nenda wakati huo na unga kilo mbili, sukari na maziwa. Usiseme “ukihitaji kitu niambie,” kwa sababu mfiwa haombi. Sema, “Kesho saa moja asubuhi nawachukua watoto, nawapeleka shule,” halafu ufike saa moja kasoro.