Jinsi ya Kupima Athari za Ushindani wa Benki katika Ubora wa Mikopo

Anayetaka kujua iwapo ushindani unaboresha au unaharibu mikopo katika nchi zenye uchumi unaoibukia aanze kwa kuupima ushindani wenyewe, maana idadi ya benki pekee haisemi mengi. Kipimo kinachotumika sana ni fahirisi ya Herfindahl-Hirschman, ambapo asilimia ya soko ya kila benki huzidishwa kwa yenyewe, kisha majibu yote hujumlishwa: benki nne zenye asilimia 40, 30, 20 na 10 hutoa 3,000, na benki tano zinazolingana hutoa 2,000; jumla ikiwa kubwa, soko limeshikwa na wachache zaidi. Fahirisi hiyo isomwe pamoja na pengo kati ya riba ya mikopo na riba ya amana, kwa kuwa hata benki chache huweza kugombania wateja vikali.

Hatua inayofuata ndiyo yenye mitego. Kwa kawaida mkopo huhesabiwa kuwa chechefu marejesho yakichelewa zaidi ya siku 90, na wengi huridhika na uwiano wa mikopo hiyo kwa mikopo yote. Chukua mfano wa benki yenye mikopo ya bilioni 1,000, ambayo bilioni 80 kati yake ni chechefu, yaani asilimia 8. Benki hiyo ikikimbilia wateja wapya hadi mikopo ifike bilioni 1,600 na chechefu bilioni 96, uwiano hushuka hadi asilimia 6, ingawa mikopo mibovu imeongezeka na ile mipya haijapata hata muda wa kuharibika. Kwa hiyo, ipange mikopo kwa robo mwaka iliyotolewa, kisha linganisha kiasi kilichochelewa katika kila kundi baada ya miezi 6, 12 na 18. Ongeza pia mikopo iliyopangiwa upya marejesho, kwani huko ndiko hasara hufichwa mara nyingi.

Makundi mapya yakionekana mabaya kuliko ya zamani, tafuta sababu kabla ya kuulaumu ushindani. Faida inapopungua, benki huwa na kidogo cha kupoteza na hujasiri hatari zaidi. Lakini riba ikishuka, mkopaji naye hulipa kwa urahisi na halazimiki kubahatisha katika miradi ya hatari. Kwa maoni yangu, kinachoamua nguvu ipi ishinde ni taarifa za wakopaji. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, kabla ya mgogoro wa mikopo midogo wa mwaka 2010, taasisi nyingi zilikopesha kaya zilezile bila kuona madeni yao kwingineko. Basi chunguza kama kanzidata ya wakopaji inawahusu pia wakopeshaji wasio benki, na ni wakopaji wangapi wana mikopo miwili au zaidi kwa wakati mmoja.

Mwisho, ili ukame au kuporomoka kwa sarafu kusihesabiwe kuwa kosa la ushindani, linganisha matawi yanayokopesha sekta ileile, katika kipindi kilekile, lakini kwenye maeneo yenye ushindani tofauti.