Kabla Hujauza Nyumba Ukahamia Kwenye Gari

Ukipita Quartzsite, mji mdogo wa jangwani huko Arizona, mwezi wa Januari, utaona magari-nyumba mpaka macho yachoke. Mengine ni makubwa kama basi la mkoani, mengine ni matela ya kuvutwa na pikapu. Wenyewe ni wazee, wameketi nje kwenye viti vya kukunja wakiota jua, huku majimbo ya kaskazini yamefunikwa na theluji. Wapo wasio na nyumba nyingine kabisa. Nasi tuliotoka Afrika Mashariki tukafanya kazi Marekani mpaka mvi zikatoka, tumeanza kuyatamani maisha hayo, maana kodi ya nyumba inakomba pensheni yote. Yanawezekana. Ila wanaoanza kwa kuuza nyumba ndio wanaoumia. Kuuza kuje mwisho.

Kwanza jaribuni. Kodini gari wiki mbili tatu, tena msimu wa baridi au wa mvua. Mtaishi wawili kwenye nafasi ndogo kuliko chumba cha kupanga Manzese, na mvua ikishika siku tatu hakuna baraza la kukimbilia. Mimi na mume wangu tumeoana miaka 38, lakini wiki ya kwanza tu tuligundua kwamba mmoja akisimama kupika, mwingine hana budi kukaa. Mambo kama hayo ni afadhali uyajue ufunguo wa nyumba yako ukiwa bado mfukoni.

Mkiridhika, ndipo mtafute la kununua, na hapo msiwe na haraka. Adui mkubwa wa gari-nyumba ni maji yanayovuja, wala si injini. Panda ngazi ulitazame paa, hasa kwenye maungio na pembeni mwa matundu ya hewa, uone kama gundi ya kuzibia imepasuka. Kisha ingia ndani, vua viatu, utembee polepole ukikanyaga kila kona. Gari la kwanza tulilolipenda lilikuwa limepakwa rangi mpya na linanukia marashi. Mume wangu alipokanyaga karibu na dirisha la nyuma, sakafu ikabonyea kama godoro. Mbao zilikuwa zimeoza chini ya zulia jipya. Tuliondoka, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa mguu ule.

Matairi nayo yana hila yake. Kwa kuwa magari haya hukaa muda mrefu bila kutembea, tairi huzeeka ingawa meno yake bado marefu. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likikaribia miaka saba, weka bei ya matairi mapya kwenye hesabu ya ununuzi. Angalia pia kibandiko cha uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Galoni 50 za maji peke yake zinapita ratili 400, na bado hujapakia sufuria, nguo, wala gunia la mchele.

Kuhusu fedha, kinachomaliza hela ni kutembea. Gari kubwa linalokwenda maili 8 kwa galoni, mafuta yakiwa dola 3.50, litakula karibu dola 440 kwa maili 1,000. Anayehama kila siku mbili hatamaliza mwaka. Kaa mahali wiki mbili, mwezi, msimu mzima. Ukiwa na miaka 62 na ni raia au mkazi wa kudumu, yaani hata mwenye kadi ya kijani, chukua pasi ya wazee ya mbuga za taifa: dola 80 mara moja, unaitumia maisha yako yote, na kambi nyingi za serikali kuu hukupunguzia ada kwa nusu. Kwenye ardhi ya umma inayosimamiwa na BLM, idara ya ardhi ya serikali kuu, sehemu nyingi utakaa bure hadi siku 14 kabla ya kutakiwa kuhama. Na yapo maeneo ya kukaa muda mrefu, kama La Posa karibu na Quartzsite, ambako kibali kimoja kinakuruhusu kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Ulizia ada ya msimu husika kabla hujaondoka.

Bima ya afya ndiyo inayonikosesha usingizi nikisikia mtu amefunga safari bila kuitazama. Medicare ya asili, yaani bima ya serikali kuu kwa wazee, inapokelewa nchi nzima na daktari yeyote aliye kwenye mfumo huo. Mipango ya Advantage, ambayo ni Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, mara nyingi imefungwa kwenye madaktari wa eneo lako, na nje ya hapo unabaki na huduma za dharura. Usijiambie utabadilisha baadaye. Bima ya ziada ya Medigap, inayojazia pale Medicare ya asili inapoishia, ina dirisha la miezi sita la kujiunga bila kukataliwa, tangu uanze Part B (sehemu ya Medicare inayolipia madaktari) ukiwa na miaka 65. Likishafungwa, katika majimbo mengi kampuni inaweza kukukataa kwa sababu ya sukari au presha uliyonayo. Lijue hili kwanza, ndipo ujadili rangi ya mapazia.

Anwani ya kudumu pia utaihitaji, kwa leseni, kodi na barua. Wengi huchagua Texas, Florida au South Dakota, ambako jimbo halitozi kodi ya mapato.

Kuhusu choo, tuseme wazi. Valvu ya tangi la kinyesi isiachwe wazi hata mkiwa mmeunganishwa na bomba la kambi: maji yatakimbia, kizito kitabaki na kukauka kama udongo wa mfinyanzi. Subiri lijae theluthi mbili, lifungue, kisha malizia kwa tangi la maji ya kuogea ili lisuuze bomba. Vaeni glavu.

Mwisho, wote wawili mjue kuendesha. Mume akiugua maili 300 kutoka hospitali, nani atashika usukani? Mimi nilijifunzia kwenye maegesho ya kanisa siku za Jumamosi, yeye akisimama nyuma akinipungia mkono, mpaka nikaweza kulirudisha kinyumenyume katikati ya ndoo mbili bila kugusa hata moja.